Chungu Kilicho Juu ya Mwarobaini

Agra, 24 Machi 1986

Mdogo wangu Kishori,

Baba amefariki. Alikata roho Jumanne tarehe 11 Machi, alfajiri, akiwa mikononi mwangu. Nimeanza na msiba kwa sababu telegramu niliyokupelekea asubuhi ileile haikujibiwa, na sijui kama unajua au hujui. Sasa unajua.

Salamu zako zipo hapa chini kama kawaida. Mimi mzima, kifua tu kinanibana kwa vumbi la ngozi. Mwanangu Omveer ameanza kukata ngozi mwenyewe, mkono wake haujatulia bado lakini jicho analo. Karakana inakwenda, tuko watu kumi na wanne sasa, na pale nilipoanza na cherehani moja ya mkono baada ya mume wangu kufa, pana cherehani sita. Natumaini mkeo Sulekha hajambo, na Madhulika anaendelea na masomo. Sijawahi kumwona huyo mtoto, lakini namuulizia.

Tulikungoja hadi jua likaanza kushuka. Wazee wa jamaa walikaa barazani wakinitazama. Mzee Harpal akasema, "Mwanamke hashiki moto wa maiti. Mtafuteni mtoto wa binamu wa marehemu."

Nikamwambia, "Mjomba, Baba alizaa wawili. Mmoja hayupo. Wa pili ni mimi."

"Watu watasemaje?"

"Watasema Ramdei amemchoma baba yake. Si ndiyo kweli?"

Basi nikashika moto, Kishori. Nilitembea nyuma ya jeneza hadi mtoni, jambo ambalo mama yetu hakulifanya wala mama yake, nikamwashia Baba kuni. Siku ya tatu nikaokota mifupa, nikaiosha kwa maziwa, nikaitia chunguni. Chungu nimekifunga kitambaa chekundu, kinaning'inia kwenye tawi la mwarobaini nyuma ya karakana. Unajua mwenyewe hakiruhusiwi kuingia ndani, na hakiwezi kukaa pale milele. Moto nimeushika kwa sababu maiti haingoji. Mifupa inaweza kungoja. Ni kazi ya mtoto wa kiume kuipeleka Soron na kuitia Mto Ganga, na Baba aliniambia kwa kinywa chake: "Kishori ndiye atakayenipeleka."

Unakuja lini?

Dada yako,
Ramdei


Pune, 20 Aprili 1986

Dada yangu mpendwa Ramdei,

Naigusa miguu yako kutoka mbali. Barua yako imenikuta katika hali ngumu kueleza. Sisi hapa hatujambo. Sulekha anasumbuliwa na joto, Madhulika amemaliza mitihani. Telegramu ilifika nikiwa safarini kwa shughuli za chuo, na niliporudi siku za maombolezo zilikuwa zimekwisha. Ila usidhani nimemwacha Baba hivihivi. Hapa Pune nimetimiza kimyakimya yote yanayompasa mtoto wa kiume.

Dada, tangu nipate habari nimekuwa nikiandika, maana ndiyo njia yangu ya kulia. Nimeombwa kutoa mhadhara juu ya chimbuko la matabaka yetu. Kila nikiandika namwona Baba akishona pale mlangoni, uzi wenye nta mdomoni. Wako wanaosema mambo haya yalianza na ule wimbo wa zamani wa sadaka: miungu walimkata mtu wa kwanza, kinywa chake kikawa makuhani, mikono wapiganaji, mapaja wafanyabiashara, na nyayo watumishi. Sisi hata kwenye nyayo hatukutajwa. Wako wanaosema wageni waliokuja na farasi wao waliwasukuma wenyeji chini. Wengine wanasema ni kazi tu: aliyefua alizaa mfuaji, aliyeshona alizaa mshonaji, hadi kazi ikawa damu. Na wako wanaosema kilikuwa kitu cha majimaji, watu wakipanda na kushuka, mpaka Waingereza walipotuhesabu na kutuandika, kikaganda. Mimi naelekea kwa hawa wa mwisho. Ukiyaelewa haya, chuki inapungua. Huoni tena mtu mbaya, unaona historia.

Kuhusu Soron, tutapanga. Muhula huu hauniruhusu.

Na jambo dogo: barua zako zipeleke chuoni, si nyumbani. Nyumbani zinapotea.

Mdogo wako,
Kishori


Agra, 18 Mei 1986

Kishori,

Sisi wazima. Joto limetukalia kooni, gundi inayeyuka kabla ya kupakwa. Omveer alijikata kidole lakini kimepona. Harpal amenisamehe, alikuja juzi kuomba viatu vya mjukuu wake. Natumaini nanyi hamjambo.

Barua yako nilimpa Omveer anisomee, kisha nikaisoma mwenyewe polepole mara mbili. Sasa nisikilize.

Nathi Lal, huyu anayesafirisha viatu vyangu hadi duka la Pune, alikuwa huko mwishoni mwa Machi. Aliporudi alikuja karakana, akakaa, akaomba maji, akanyamaza. Nathi Lal kunyamaza! Nikajua kuna neno.

"Sema," nikamwambia.

"Nimemwona Kishori. Aliingia dukani na mkewe kununua ndala. Mwenye duka anamwita Mwalimu Mathur."

"Hajambo?"

"Hajambo. Kanenepa. Ramdei, alinitazama, halafu akaitazama rafu ya viatu mpaka nikatoka."

"Kichwa chake?"

Nathi Lal akaangalia maji yake. "Nywele zote kichwani. Mafuta mazuri, kazichana upande."

Wiki mbili baada ya Baba kuchomwa, Kishori! Mtoto wa kiume aliyefiwa na baba hunyolewa upara, hata mwizi aliye jela huomba wembe. Kimyakimya unaweza kufunga, unaweza kuomba, unaweza kulala chini. Kichwa hakinyolewi kimyakimya. Kwa hiyo hukufanya lolote, na ukaniandikia umefanya. Mathur nalo nimelisikia. Hilo ni jina la watu wa kalamu. Nilijua uliacha jina letu. Sikujua umeokota la nani.

Sasa nikujibu mhadhara wako, kwa kuwa umeniletea mhadhara badala ya siku ya kuja.

Unasema nyayo. Nyayo nazijua kuliko hao walioandika wimbo. Kuna kuhani wa hekalu moja hapa mjini, kila mwaka anamtuma mtumishi na karatasi iliyochorwa unyayo wake kwa mkaa, ili nisimguse nikimpima. Ni namba nane, bapa, dole gumba limepinda kushoto. Kaka wa Harpal alikuwa na unyayo huohuo kabisa. Kama kuhani ametoka kinywani, mbona naye ana nyayo?

Unasema kazi. Hapa Agra wapo watu wa matabaka ya juu wenye viwanda vya viatu vikubwa mara ishirini ya karakana yangu. Ngozi ileile, harufu ileile. Hakuna anayekataa maji mkononi mwao. Wewe nawe hujashika shazia ya kushonea ngozi tangu ulipokuwa na miaka kumi na mbili, unafundisha historia kwa kalamu, na bado unaiogopa barua yangu isifike nyumbani kwako. Basi si kazi.

Unasema Waingereza. Walituhesabu, sikatai. Lakini kisima cha kijiji chetu kilikuwa na upande wetu kabla babu wa babu hajazaliwa, na gunia ulilokalia nje ya mlango wa darasa hukupewa na Mwingereza. Ulipewa na Mwalimu Tiwari, aliyekurushia daftari kutoka mbali kama anayemrushia mbwa mkate. Baba alilishona lile gunia pembeni lisikuchome mapajani. Umesahau?

Baba alikuwa na simulizi yake, naye hakusoma chuo. Palikuwa na ndugu wawili, nyumba moja, sahani moja. Ng'ombe wao akafia uani. Siku ya kwanza wakamtazama, siku ya pili akaanza kunuka. Mkubwa akasema, "Mimi siwezi kugusa." Mdogo akasema, "Tutakaaje na uvundo huu?" Akamfunga kamba, akamburuta hadi nje ya kijiji, akaoga mtoni, akarudi na njaa. Akakuta mlango umefungwa. Akagonga. Ndugu yake akajibu kutoka ndani, "Wewe umegusa mzoga." Sisi ni watoto wa yule aliyebaki nje.

Unakumbuka Baba alivyomalizia? Alituuliza, "Mlango ulikuwa na komeo upande gani?" Sisi tukajibu kwa pamoja, "Wa ndani, Baba!" Tukacheka.

Chungu bado kiko juu ya mti. Unakuja lini?

Ramdei


Pune, 2 Julai 1986

Dada,

Salamu. Mvua zimeanza. Sote wazima.

Nywele zangu naomba uniachie.

Unaandika kama mtu aliyesimama nje ya mlango maisha yake yote na hajawahi kuufunga wa kwake. Basi nikuulize. Genda, yule mfagiaji wa mtaa wenu, na mkewe aitwaye Kesho, wanaofagia karakana yako: Kesho akiona kiu anakunywa nini? Nilipokuja mara ya mwisho, miaka saba iliyopita, nilimwona amechutama kando ya bomba, amekinga viganja vyake, huku wafanyakazi wako wakimmiminia kutoka juu. Bilauri za shaba zilikuwa zimepangwa dirishani. Wewe ulikuwepo. Baba alikuwepo. Hakuna aliyeona ajabu. Na Omveer akitaka kumwoa binti wa Genda, utatwanga manjano ya harusi?

Hiyo ndiyo hali halisi ya tabaka, na hiyo nitaisema kwenye mhadhara. Si ukuta mmoja wenye watu wawili. Ni ngazi ndefu, na kila aliye juu yake amepewa mtu wa kumkanyaga kichwa ili asiangalie nani anamkanyaga yeye. Wa chini kabisa naye hutafuta wa chini yake. Ndiyo maana haianguki. Na inalindwa na ndoa: nani anamwoa nani. Ukiondoa ndoa, ngazi inabaki kuni.

Nami nilioa, Dada. Baba yake Sulekha aliniuliza maswali siku ya kwanza, chai ikiwa mkononi mwangu, kwenye kikombe kizuri chenye maua. Nilikuwa sijawahi kupewa kikombe kama hicho. Nilijibu kilichonifaa. Imepita miaka ishirini na siwezi kurudi nyuma nikajibu kingine. Madhulika anaposwa na familia ya ukoo wa mama yake, na harusi ni Novemba. Wakijua, watamrudisha mlangoni kama sahani iliyotiwa mate. Yeye hana kosa lolote. Hajui lolote.

Mpeleke Baba Soron wewe. Moto uliweza kuushika, mto utakushinda nini?

K.


Agra, 10 Agosti 1986

Kishori,

Mtaa mzima una maji hadi kwenye magoti lakini tuko hai. Harpal ameugua homa. Omveer amefikisha urefu wa mlango, hujui hata anafananaje. Natumaini Madhulika mzima.

Kuhusu Kesho umesema kweli, na kweli ikitoka kwa mtu aliyekukosea huwasha zaidi. Barua yako ilifika asubuhi. Mchana alipomaliza kufagia, nilichukua bilauri ya shaba, ile ninayonywea mimi, nikaijaza, nikampa.

Akakataa. "Mama, usinitie matatani."

"Kunywa."

"Wananitazama."

"Watazame na wewe."

Akanywa amenipa mgongo, kisha akaiosha kwa majivu mara tatu, hata nilipomwambia aache. Siku iliyofuata washonaji wawili hawakuja kazini: Bhagwan Dei na shemeji yake. Nilikwenda hadi kwao. Bhagwan Dei akasimama mbele yangu mlangoni, mikono kiunoni.

"Tumetoka tope lile kwa jasho, Ramdei, unaturudisha."

"Tope gani? Maji ya bomba?"

"Wewe mkubwa, una karakana. Mimi nina mabinti watatu wa kuoza."

Nikarudi. Ni maneno yako yaleyale, hata binti na harusi. Nimebaki na watu kumi na wawili na oda ya sikukuu. Sitakudanganya kwamba nimefurahi. Kuhusu Omveer, hajaniletea binti yeyote bado. Akimleta wa Genda, nitalia siku moja, kisha nitatwanga hayo manjano.

Kwa hiyo mhadhara wako uko sawa kuhusu ngazi. Ila umekosea mahali pamoja. Umeieleza kana kwamba haina mikono, kana kwamba imejisimamisha. Mimi nimeona asubuhi moja ilivyo: kuna bilauri, kuna mkono, na mkono unaweza kunyooka au kukunjwa. Ilipoanza ilianza hivyo, na kila siku inaanza upya hivyohivyo. Hilo chimbuko unalolitafuta vitabuni lipo saa hii, Pune, kwenye nyumba yako, mchana kweupe.

Sikuombi umwambie mkweo. Sikuombi uharibu harusi. Madhulika ni damu ya Baba, namwombea kheri. Nakuomba siku mbili za treni na asubuhi moja mtoni. Mtu anaweza kusema anakwenda kwenye mkutano wa walimu. Umeshasema makubwa kuliko hayo.

Lakini kuna kitu hukukijibu. Umeandika, "Nilijibu kilichonifaa." Ulijibu nini?

Dada yako


Agra, 22 Septemba 1986

Kishori,

Wiki sita hujaandika. Sisi wazima. Harpal amefariki, alichomwa Jumamosi, wanawe wote wanne walikuwepo, vichwa vinang'aa kama vyungu vipya. Bhagwan Dei amerudi kazini, anakaa kona ya mbali na ana bilauri yake mwenyewe kutoka nyumbani. Shemeji yake hajarudi. Kesho anakunywa.

Nathi Lal amerudi tena kutoka Pune. Safari hii sikumwuliza, alianza mwenyewe, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mke wa ndugu yako alikuja dukani na binti yake, kuchagua viatu vya harusi. Binti mzuri, Ramdei. Ana paji la uso la baba yako Budhsen kabisa. Nikasahau. Naapa nilisahau tu. Nikamwambia yule mama, poleni sana kwa msiba wa mkwe wako."

"Akasema nini?"

"Akashangaa. 'Msiba gani? Mkwe wangu sikumwona. Alifariki kabla sijaolewa. Mume wangu alikuwa bado mwanafunzi.'"

"Na wewe?"

"Ningefanya nini? Yule binti ananitazama na kiatu kimoja mguuni. Nikasema, samahani mama, nimekosea mtu."

Nathi Lal akalia, Kishori, mtu mzima, kwenye karakana yangu, mbele ya washonaji. Mimi sikulia. Nilikuwa napiga hesabu, ndiyo kazi yangu. Miaka ishirini. Kila mwaka katika siku hizi za wazee waliotangulia, mkeo amekuwa akipika wali wa maziwa, akiuweka juani kwa ajili ya marehemu mkwewe, na kunguru wanakula, nawe umekaa pembeni umefumba mikono. Na huku Agra marehemu anakushonea viatu. Namba saba, kanyagio pana, kila mwaka jozi moja, nami nakutumia nikidhani unavivaa. Jozi ya mwisho imebaki mguu mmoja. Hakuwahi kuumaliza wa kulia.

Ndiyo maana hukunyoa. Mtu hanyoi kwa baba aliyeshakufa zamani. Ndiyo maana hukuja. Telegramu yangu ingekuja na habari gani, kwamba marehemu amefariki?

Nilikuwa nikidhani umetuacha sisi nje ya mlango. Nimekosea. Yule ndugu wa kwenye simulizi alimfungia mwenzake mlango, lakini angalau alijibu kutoka ndani. Alikiri kuna mtu anagonga.

Tumebishana tangu Aprili tabaka lilianzia wapi. Makuhani, farasi, kazi, Waingereza. Sitaki tena kujua. Nina swali moja dogo, halina wimbo wala mhadhara ndani yake, na jibu lake linaenea kwenye telegramu ya maneno matatu.

Baba alikufa lini?

Niandikie tarehe tu. Nimeongea na karani wa posta, anafunga saa kumi na moja jioni. Nakupa hadi Jumatano, tarehe 1 Oktoba, saa hiyo. Ukiniandikia 11 Machi mwaka huu, chungu kitabaki juu ya mwarobaini, nitakungoja hata kama ni baada ya harusi, hata kama ni mwakani, wala sitakuuliza lingine maisha yangu yote. Ukiniandikia tarehe nyingine yoyote, au ukinyamaza, Ijumaa tarehe 3, siku ya mwisho ya wazee, nitakipeleka Soron mimi na Omveer. Kuhani wa mtoni atauliza marehemu ameacha watoto wangapi, kama wanavyouliza siku zote kabla ya kumimina maji. Nitasema mmoja.

Jumatano, saa kumi na moja jioni, Kishori. Alikufa lini?

Ramdei binti Budhsen